Nilisema Manda kuna mto. Hakuna.

Wacha nianze na aibu yangu ili tumalizane nayo mapema.

Nilipanda basi Mombasa mpaka Mokowe, nikavuka na boti hadi Lamu, na siku ya pili nikaenda kisiwa cha Manda kwa dau. Nilikuwa natafuta kontenti ya kawaida tu: maji, miti, jua, na mimi nimejilaza kwenye dau kama mtu asiye na madeni. Dau likaingia kwenye njia nyembamba ya maji, mikoko huku na huku, kimya kabisa, ndege weupe wamekaa juu ya matawi. Nikarekodi sekunde 40. Usiku nikaipandisha na maneno haya: "Mto wa siri Manda. Chemchemi ziko ndani, nitawaonyesha."

Video ikaenda. Kwa akaunti ndogo kama yangu, ilienda sana. Watu wakaanza kuuliza bei ya boti, kama kuna mahali pa kulala, kama maji ya chemchemi ni ya baridi. Halafu nikapata ujumbe wa msichana mmoja. Hakunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliandika: "Huo si mto, ni bahari. Mimi naishi Maweni, Manda hiyohiyo. Maji ya kunywa kwetu yanakuja na boti. Ukiipata hiyo chemchemi utuambie."

Nikafuta posti. Lakini kufuta si kurekebisha. Kwa hivyo hii ndiyo marekebisho, na ni ndefu kwa sababu nilipoanza kuuliza kwa nini Manda haina maji, nikagundua kwamba hilo ndilo swali la historia nzima ya kile kisiwa. Miji miwili imekufa pale. Na sisi tunaenda kupiga picha juu ya makaburi yake tukiwa na chupa ya maji mkononi, hatujiulizi chochote.

Niseme pia, kabla hamjaniuliza: mimi si mwanahistoria. Niliacha chuo mwaka wa pili. Lakini kusoma hakuhitaji kadi ya mwanafunzi.

Tuanze na kile nilichokiita mto. Ni mkono wa bahari. Maji yakijaa, bahari inaingia ndani ya kisiwa kupitia mikoko, na dau linaweza kufika karibu kabisa na magofu ya Takwa. Maji yakitoka, panabaki tope, na kama nahodha wako hakupiga hesabu vizuri mtashuka mtembee, tope likiwafika magotini. Ndio maana manahodha wa Lamu hawakwambii "tutaondoka saa nne". Wanakwambia "tutaondoka maji yakijaa." Wakati wa bamvua maji yanaingia mbali sana, wakati wa maji mafu hayafiki. Mimi nilidhani yule mzee ananizungusha tu. Kumbe alikuwa anasoma mwezi.

Nilipomuuliza, "Ami, chemchemi iko wapi?" akacheka mpaka akaachia usukani. Akanijibu kwa Kiamu chao: "Mwanangu, hapa hapana mai." Mimi nikachukulia kama utani. Nilipaswa tu kuchovya kidole nionje.

Sasa historia.

Upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa, kwenye mlango wa bahari unaotenganisha Manda na bara, kulikuwa na mji ulioitwa Manda pia. Ni mmoja wa miji ya zamani kabisa inayojulikana kwenye pwani yetu. Ulikuwepo karne ya 9, yaani zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Mwanaakiolojia Mwingereza Neville Chittick alichimba pale miaka ya 1960 na 1970, na kitabu chake kikatoka 1984. Alikuta vyungu vya kigeni vingi sana, vya kutoka Ghuba ya Uajemi na kwingineko. Alikuta matofali ya kuchomwa, kitu cha ajabu kwa pwani ambayo watu hujenga kwa mawe ya matumbawe. Na alikuta kuta kubwa za kuzuia bahari, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, mengine yakikaribia uzito wa tani moja. Fikiria watu wanasukuma jiwe la tani moja bila mashine, ili tu kuongeza kipande cha ardhi juu ya maji.

Chittick alipoona hivyo vyote akasema huu mji umeanzishwa na wageni kutoka Ghuba. Miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga, kisiwa jirani cha Pate, akakuta kitu tofauti: msikiti umejengwa juu ya msikiti mwingine, mwingine, mwingine, na ukishuka chini kabisa unakuta vijengo vidogo vya miti kuanzia karne ya 8. Yani mji umekua polepole, kutoka kwa watu wa hapahapa, haukushushwa kutoka melini ukiwa tayari. Halafu Machi 2023 ukatoka utafiti wa DNA kwenye jarida la Nature, mifupa ya watu 80 wa kale kutoka miji ya pwani, Manda ikiwemo. Uliwakuta wengi wao wana asili mbili: kwa upande wa akina mama, Afrika kwa wingi, na kwa upande wa akina baba, sehemu kubwa Uajemi, na mchanganyiko huo ukaanza karibu mwaka 1000. Kila mtu mtandaoni akachukua nusu aliyoitaka akakimbia nayo. Ugomvi uleule wa "Waswahili ni nani" ukaanza upya.

Na kabla ya hapo kulikuwa na sarafu. Mwaka 2013 kikundi kilichoongozwa na Chapurukha Kusimba, Mkenya mwenzetu aliyekuwa makumbusho ya Field kule Chicago, pamoja na Sloan Williams, walitangaza kwamba wamepata Manda sarafu ya China ya mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 mpaka 1424. Ni ya shaba na fedha, ina tundu la mraba katikati. Huyo Yongle ndiye aliyemtuma Zheng He na meli zake kuzunguka Bahari ya Hindi. Hiyo habari ilizunguka dunia.

Mnaona mtindo? Kila Manda ikitajwa, ni kuhusu kitu kilichotoka nje. Vyungu vya nje, matofali ya nje, sarafu ya nje, baba wa nje. Sina shida na hizo habari, ni tamu, hata mimi ningezitengenezea video. Lakini vyungu haviwezi kukuambia watu waliamka asubuhi wakanywa nini. Na mji unaweza kuishi bila sarafu ya China. Bila maji hauishi wiki.

Kwa hivyo nikaenda kusoma jinsi kisiwa kinavyopata maji. Nitaeleza kama nilivyoelewa.

Kisiwa kama Manda hakina mlima wala mto. Mvua ikinyesha, maji yanazama ardhini. Chini kule tayari kuna maji ya bahari, yaliyopenya kutoka pande zote kupitia mawe. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hivyo hayachanganyiki haraka. Yanaelea juu, kama mafuta juu ya mchuzi. Hayo yanayoelea ndiyo maji ya kisima. Na kuna hesabu moja inatisha: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini yake zinazoishikilia bahari isipande. Sikia upande wa pili wa hiyo hesabu. Ukivuta maji mpaka usawa ushuke mita 1, chumvi inaweza kupanda hadi mita 40. Huoni chochote. Kisima kinaonekana kimejaa vilevile. Ila siku moja chai inakuwa na chumvi.

Na aina ya ardhi ina maana. Matumbawe yana matundu matundu, bahari inapita ndani yake kirahisi. Mchanga wa vilima vya pwani ni tofauti, unashika mvua kama sifongo na kuiachia taratibu. Manda ina mawe mengi. Ng'ambo, kwenye kisiwa cha Lamu, Shela ina vilima vya mchanga. Kumbuka hilo, tutarudi.

Mji wa Manda ulipata mapigo mengi. Tarehe ya Pate, ile historia ya wafalme wa Pate iliyosimuliwa na kuandikwa na wenyewe, inasema Pate iliushinda Manda na watu wake wakatawanyika. Mwaka 1589 Wareno wakaja kuadhibu miji iliyowapokea Waturuki. Walipofika Manda, watu walikuwa wameshakimbia, basi wakabomoa na wakakata minazi. Unakata mnazi wa nini kama si kuhakikisha mwenye mji akirudi hana cha kula wala dafu la kunywa? Mji haukuinuka tena kama zamani.

Mji wa pili ni Takwa, upande wa kusini wa kisiwa. Huu ndio watu wengi wanaoutembelea. Ulistawi kati ya karne ya 15 na 17. James Kirkman alichimba pale 1951, na leo uko chini ya Makumbusho ya Taifa. Una ukuta, una nyumba za mawe ambazo milango yake inaelekea kaskazini, upande wa Makka, una msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na mibuyu iliyokaa kama walinzi waliosahauliwa zamu. Nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani miaka ya 1680. Na kidogo baada ya hapo, mji ukaisha. Hakuna ghorofa lililoporomoka. Watu walihama tu.

Kwa nini? Sababu mbili ndizo zinazotajwa sana: uhasama na Pate, na visima vilivyoingia chumvi. Nimekaa na hizo sababu mbili nikaona labda zinakwenda pamoja. Mji wenye maji ya kutosha unaweza kufunga lango na kusubiri adui achoke. Mji wenye visima vya chumvi hauwezi kusubiri mtu yeyote.

Na walihamia wapi? Hapa ndipo niliposimama nikasoma mara mbili. Walivuka mlango wa bahari wakaenda Shela. Kwenye mchanga. Kwenye ile sifongo.

Watu wa Shela mpaka leo wanakumbuka. Wanavuka kwenda Takwa kufanya ziara kwenye lile kaburi la nguzo, na dua wanayoomba pale ni ya mvua. Miaka zaidi ya 300 baadaye, wajukuu wa wajukuu wanarudi kwenye mji uliokauka kuomba mvua. Mimi nilipita karibu na hilo kaburi nikaweka miwani vizuri, nikapiga picha, nikaandika "vibe ya kale". Naomba radhi.

Wengine watasema: sawa kaka, historia nzuri, lakini hiyo ni karne ya 17. Leo kuna mabomba.

Mabomba ya wapi? Mji wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, unategemea maji yanayotoka kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela. Vilevile vya sifongo. Kila bafu la kila hoteli, kila birika la msikiti, kila chai ya maziwa unayokunywa ukiangalia jahazi zikipita, imeanzia pale. Na vilima hivyo vinatamaniwa, kwa sababu vina mandhari ya bahari. Mtu akitazama pale anaona kiwanja cha nyumba ya kifahari. Wazee wa Shela wakitazama wanaona tangi. Ugomvi wa kujenga karibu na vilima umekuwepo miaka mingi na haujaisha.

Na Manda yenyewe imebadilika. Uwanja wa ndege wa Lamu uko Manda, si Lamu. Kuna hoteli na nyumba za likizo kwenye fukwe zake. Na kuna Maweni, kwa yule msichana, kijiji cha wachonga mawe, wengi wao watu waliokuja kutoka bara kutafuta riziki. Mawe ya matumbawe wanayoyachonga kwa mkono ndiyo yanayojenga nyumba za Lamu tunazozisifia. Watu wanaoutengeneza Urithi wa Dunia wananunua maji kwa jerikeni. Wanategemea boti, na wanategemea majabia, yale matangi makubwa ya kuvuna mvua ambayo watu wa visiwa vya Lamu wameyajenga vizazi na vizazi. Jabia likijaa, mambo ni mazuri. Mvua zilipokosa kati ya 2020 na 2022, wakati ukame ulipopiga sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini ya Kenya, jabia tupu lilikuwa ni shimo la simenti tu.

Upande wa bara wa ghuba ya Manda kuna bandari mpya ya LAPSSET. Mradi ulizinduliwa 2012 na gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021. Bandari inaleta watu, na watu wanakunywa. Mto wa kweli uko mbali, ni Tana, mrefu kuliko yote Kenya, unaoingia baharini kule Kipini. Manda haujawahi kuuonja.

Sasa mnaweza kufikiri nataka kusema msiende. Hapana. Nendeni. Ni mahali pazuri kuliko nilivyoweza kupiga picha. Kupita kwenye mikoko maji yakijaa, kutembea Takwa saa za jioni, kuogelea upande wa bahari kuu, hivyo vitu si vya wazungu peke yao. Vijana wa Mombasa, wa Nairobi, wa Malindi, nendeni muone kwenu. Pia nahodha anakula kwa safari zenu, na mlinzi wa makumbusho anahitaji kuona sura mpya.

Nendeni tu kama watu wanaojua wako wapi. Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi, na umsikilize. Beba maji yako ya kutosha kwenye chupa inayotumika tena, manake hakuna duka Takwa, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye maeneo ya hifadhi na fukwe. Kule Lamu usioge dakika 30 kwa sababu umelipia chumba. Umelipia kitanda, maji ni ya mji mzima. Usipande juu ya kuta za magofu kwa sababu ya picha. Na kama unaenda ziarani karibu na lile kaburi, vaa kwa heshima, hapo watu wanaomba.

Na sisi wa kutengeneza video, hili ni letu peke yetu. Nilijifunza kwamba neno moja la uongo kwenye video nzuri linafanya kazi. Nilipoandika "mto", nilimwambia kila aliyetazama kwamba Manda ina maji. Mtu anayeamini Manda ina maji hatajali kilima cha mchanga kikijengwa. Hataelewa mtu wa Maweni akilalamika. Atasema, si kuna chemchemi? Yule kijana wa Mombasa alituonyesha.

Nilimjibu yule msichana baada ya wiki moja, aibu ilipopungua. Nikamuuliza kama naweza kutumia ujumbe wake bila jina. Akakubali, kwa sharti moja: niseme kwamba Maweni si magofu. "Watu wanapiga picha hapa kama tumeshahama," aliandika. "Sisi hatujahama."

Basi nimesema. Nitarudi Manda, safari hii mvua zikianza, nione jabia likijaa. Hiyo ndiyo video ninayoitaka sasa: maji yakiteremka kwenye sakafu ya simenti, watoto wamesimama pembeni wakitazama yanapanda.

Na wewe unayesoma hii, kabla hujafunga simu: maji uliyokunywa leo yametoka wapi? Si bomba. Kabla ya bomba. Kama hujui, kaulize nyumbani, halafu njoo uniambie hapa. Mimi mwenyewe nilimuuliza mamangu wiki iliyopita, na ikabidi naye ampigie nyanyangu simu.